Niende kongamano la walimu wa Kiingereza nikaseme Kiswahili ndicho kilichonisaidia?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya ualimu, katika chuo kimoja hapa Iringa. Masomo yangu ya kufundishia ni Kiingereza na Historia. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu, na leo nimeona nami nilete langu kwa sababu kila ninayemuuliza ananichanganya zaidi.

Mwezi ujao kuna kongamano la walimu wa Kiingereza Dodoma, siku mbili. Mhadhiri wetu wa mbinu za kufundishia aliona tangazo lake, akatuambia kuwa walimu tarajali tunaruhusiwa kushiriki na kuna kipindi tumetengewa. Alichagua ripoti chache za TP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, akatusaidia kuandika ikisiri, yaani muhtasari wa kazi, tukatuma. Wiki iliyopita imekuja barua pepe kwamba yangu imekubaliwa. Nimepewa dakika 15: kumi za kuwasilisha, tano za maswali. Nilifurahi, nikampigia mama palepale. Usiku sikulala.

Kinachonisumbua ni mambo matatu.

La kwanza ni pesa. Ada ya ushiriki kwa mwanafunzi ni shilingi 30,000. Nauli ya kwenda na kurudi kwa njia ya Mtera ni kama 35,000. Kuna malazi na chakula. Nikijumlisha haishuki chini ya 130,000. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu chuoni, limeingia juzi, lakini nimeshalipa kodi ya chumba, na nina mdogo wangu kidato cha tatu ambaye daftari na nauli yake vinanitegemea mimi. Baba ni mkulima wa mahindi na viazi Kilolo. Nilipomwambia alisema, "Umekwenda chuo kusoma, hukwenda kutembea. Hao wa Dodoma watakupa ajira?" Sikuwa na jibu. Ninayekaa naye chumba kimoja ananishauri nichukue mkopo wa kwenye simu, nirudishe bumu lijalo.

La pili ni Kiingereza changu. Nimesoma kayumba tangu darasa la kwanza, kisha sekondari ya kata. Kuandika ninaweza na sarufi ninaijua, lakini nikisimama mbele ya watu wanaokijua, ulimi unakuwa mzito. Darasani kwetu wapo waliosoma ingilishi midiamu tangu chekechea. Mmoja wao ni rafiki yangu wa karibu, ung'eng'e kwake ni maji ya kunywa, na amejitolea aniwasilishie. Kuna saa natamani nimwachie.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. TP niliifanya shule ya kata, nikapewa Kidato cha Kwanza, mkondo wenye wanafunzi 87 na vitabu vya kiada 12. Mlangoni mwa ofisi ya walimu kuna bango linalosema asiye na Kiingereza hapati huduma. Wiki ya kwanza nilifundisha kwa Kiingereza kitupu kama tulivyoelekezwa chuoni. Darasa lilikuwa kimya. Walichokuwa wakijibu ni "yes, madam", hata pale nilipouliza swali lisilojibika kwa ndiyo. Mada ya kuelekeza njia ikanishinda vipindi viwili mfululizo. Kipindi cha tatu niliwagawa kwenye makundi, nikawaambia wachore ramani kutoka shuleni hadi sokoni, mashine ya kusaga na zahanati, wabishane kwa Kiswahili kwa dakika kumi njia ipi ni ya mkato. Baada ya hapo niliandika ubaoni maneno ya kuelekeza, nikasema: sasa mimi ni mgeni, nielekezeni kwa Kiingereza. Mikono ilinyooshwa mpaka nikashangaa. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, alinitoa getini akanifikisha mashineni. Alikosea vihusishi viwili, lakini ningemfuata ningefika.

Mwalimu mlezi wangu alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Tuliporudi ofisini aliniambia mbele ya walimu wenzake kwamba ninaua lugha, na kwamba ningekuwa mwajiriwa angeniandikia barua. Ripoti yangu inahusu kipindi hichohicho. Mhadhiri aliipenda. Lakini Dodoma kutakuwa na walimu wakongwe na wathibiti ubora wa shule, tena ni kongamano la Kiingereza. Nisimame niwaambie Kiswahili ndicho kilichonisaidia? Au nirekebishe kidogo, niseme nilitumia ramani na makundi, hilo la Kiswahili nilinyamazie?

Nishauri kama mwanao.

Mwalimu Tarajali, Iringa

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nenda, uwasilishe mwenyewe, na la Kiswahili ulitaje. Nimetanguliza jibu kwa sababu mwezi ujao si mbali na una mambo ya kuandaa. Sababu zangu ni hizi, na nitaanza na hilo linalokunyima usingizi.

Unauliza kama unaweza kunyamazia kipande kimoja cha ulichofanya. Fikiria nini kitatokea. Ukumbini atakuwepo mwalimu wa Kidato cha Kwanza kutoka Bahi au Kondoa, mwenye darasa kama lako. Atapenda habari ya ramani. Jumatatu ataijaribu kwa Kiingereza kitupu, kwa kuwa ndivyo ulivyomwambia, na watoto watanyamaza vilevile. Atajiona yeye ndiye asiyeweza. Ripoti ya mwalimu kwa walimu wenzake huishia darasani, mikononi mwa watoto wa watu, kwa hiyo isemwe kama ilivyotokea.

Sasa, hofu kwamba wakongwe watakushukia. Mjadala huu umeanza kabla hujazaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza Kiingereza katika shule na vyuo vyetu, wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Baada yao, Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kazi yake ni hiihii ya Kiingereza, ameeleza kwa miaka mingi kwamba kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia masomo yote ni jambo moja, na kumfundisha mtoto Kiingereza akakijua ni jambo jingine. Huyo hakichukii Kiingereza. Anakidai kifundishwe vizuri. Kwa hiyo utakapotaja Kiswahili ndani ya ukumbi ule hutakuwa umeleta uchafu sebuleni, maana wengi waliomo wanakitumia kila siku wakiwa wamefunga mlango wa darasa.

Hata hivyo wapo watakaokupinga, na baadhi yao wana hoja. Mtoto wa shule ya kata mara nyingi hana mahali pengine pa kusikia Kiingereza isipokuwa kipindi chako. Mtihani wake wa Kidato cha Pili na wa Nne utakuja kwa Kiingereza. Na sote tunawafahamu walimu wanaosoma sentensi moja ya kitabu kisha wanaitafsiri, wanasoma nyingine wanaitafsiri, mpaka kengele inalia na mwanafunzi hajatamka neno. Mwalimu mlezi wako huenda ndiyo aliyoyaogopa. Kukusema mbele ya wenzake alikosea, na limekuuma kwa haki, lakini hofu yake ichukue kama swali la kweli, kwa kuwa Dodoma utaulizwa hilohilo.

Dawa yake ni kusema kwa usahihi. Eleza nani alitumia Kiswahili, kwa muda gani, ili afanye nini, na Kiingereza kilirudi lini. Kwa ulivyoniandikia, waliotumia Kiswahili ni wanafunzi, ndani ya makundi, kwa dakika kumi, wakiamua njia ipi ni ya mkato. Muda uliobaki walielekeza kwa Kiingereza. Ukilieleza hivyo, mtu hawezi kukuchanganya na yule anayetafsiri kitabu kizima. Chukua andalio la somo la siku ile uligawe dakika kwa dakika. Kama kipindi kilikuwa cha dakika 40, onyesha zote 40 zilikwenda wapi.

Na hapa nataka nikubane kidogo, kwa sababu mthibiti ubora mmoja makini akikubana mbele ya watu itakuwa vigumu zaidi. Unasema Kiswahili ndicho kilichokusaidia. Una hakika? Tazama tena barua yako. Kipindi kile ulibadilisha mambo mengi kwa mpigo. Uliwaweka kwenye makundi. Uliwapa kitu cha kuchora. Uliacha kuzungumzia mji wa kwenye kitabu, ukazungumzia soko lao na mashine yao. Uliandika maneno ubaoni kabla ya kuwadai wayatumie. Ukajifanya mgeni, wao wakawa wenyeji, yaani kwa mara ya kwanza walikuwa na jambo asilolijua madam. Na juu ya hayo, ukawaruhusu kubishana kwa Kiswahili. Lipi lilimfungua mdomo yule msichana wa nyuma? Wewe hujui, mimi sijui, na kipindi kimoja hakiwezi kutuambia.

Usivunjike moyo kwa hilo. Ndilo litakaloufanya uwasilishaji wako uwe wa mtu mzima. Usiende kutangaza kwamba Kiswahili ni tiba. Nenda ueleze kilichotokea, useme mambo uliyobadilisha ni haya, unadhani lile la dakika kumi za Kiswahili lilikuwa na uzito kwa sababu hii na hii, kisha uwaulize wenye madarasa: nani amejaribu moja bila jingine? Ukumbi wa walimu ukiulizwa swali la namna hiyo unaamka. Watu waliokuja kukukagua watajikuta wanakusimulia madarasa yao. Na wewe utarudi Iringa na majibu ambayo hakuna mhadhiri angeweza kukupa.

Kuna Mkameruni mmoja nataka umfahamu, Harry Kuchah Kuchah. Alianza kufundisha Kiingereza kaskazini mwa Kameruni, Maroua, mahali penye joto kali, akiwa na darasa moja la wanafunzi zaidi ya 200 na vitabu vichache mno. Alitoka nao nje kwenye vivuli vya miti, akawashirikisha kutafuta maandishi ya kusomea na kuamua namna ya kujifunza. Baadaye aliyaeleza hayo mbele ya walimu wenzake na kuyaandika pamoja na Richard Smith wa Chuo Kikuu cha Warwick. Mwaka 2019 akawa rais wa IATEFL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza kilichoanzishwa mwaka 1967 na chenye makao yake Uingereza. Sikuambii haya ili uote urais. Ninakuambia kwa sababu alichokwenda nacho kwenye makongamano kilikuwa darasa lake, lile lililojaa na lisilo na vitabu, na watu walikaa wakasikiliza, kwa maana walimu wengi wa Kiingereza duniani wanafundisha kwenye madarasa yanayofanana zaidi na lako na la Maroua kuliko yale ya kwenye video za mafunzo.

Katika kusimulia, linda watu. Usitaje jina la shule wala wilaya. Sema ni shule ya sekondari ya kata, inatosha. Mwalimu mlezi usimtaje hata kwa kumzungukia. Kama utahitaji kusema kwamba njia yako ilipingwa, sema "mwalimu mmoja mzoefu aliniuliza kama sitawanyima Kiingereza", na upite. Jukwaa lisiwe mahali pa kumlipizia. Picha za wanafunzi usiziweke kwenye slaidi hata kama unazo kwenye simu. Ni watoto, wazazi wao hawakuulizwa, na picha ikishatoka ukumbini huwezi kuirudisha. Ramani walizochora zinatosha, ukishafunika majina, na kama mkuu wa shule bado unawasiliana naye, mwombe ruhusa ya kuzionyesha.

Angalia pia kile kisehemu cha tathmini chini ya maandalio yako. Najua wengi wetu tukiwa TP tulikuwa tunaandika "somo limeeleweka" kila siku ili saini ipatikane. Kama siku zile mbili zilizokushinda uliandika ukweli, hiyo ni mali. Isome mbele yao. Kama hukuandika, kaa leo uandike unachokumbuka, na uweke wazi kwamba umeandika kwa kumbukumbu.

Twende kwenye Kiingereza chako. Rafiki yako ana moyo mzuri, lakini hakuwepo darasani. Akiulizwa yule msichana alikosea vihusishi gani, atasema nini? Maswali ndiyo sehemu yenye faida kubwa kwako, na ni wewe tu unayeweza kuyajibu. Mpe kazi nyingine ambayo ataiweza vizuri: akae mbele yako kila jioni, akukatize, akuulize maswali magumu kwa Kiingereza cha haraka, asikuonee huruma.

Dakika kumi ni fupi kuliko unavyodhani. Kwa mwendo wa kawaida ni kama maneno elfu moja, mia mbili zaidi ukiwa mwepesi. Andika yote kwanza, kwa sentensi zako za kawaida. Usiende kuazima lugha ya majarida, kwa kuwa ukiisahau huna pa kurudi. Kisha yafupishe yawe mistari mitano kwenye kikaratasi. Sentensi ya kwanza tu ndiyo uikariri, na iwe ya kitu ulichokiona kwa macho: wanafunzi 87, vitabu 12. Ukishaisema hiyo, ulimi unapata njia. Jirekodi kwa simu ujisikilize, hasa mwisho wa sentensi, maana wenye hofu huwa wanamezea hapo. Kama umeulizwa swali hukulielewa, omba lirudiwe, halafu lirudie wewe kwa maneno yako kabla ya kulijibu. Hakuna atakayekuona mjinga. Hata maprofesa hufanya hivyo, na wengine hufanya hivyo ili wapate muda wa kufikiri. Kama swali linadai usichonacho, sema darasa langu moja haliwezi kujibu hilo. Jibu hilo linaheshimika sana.

Usitegemee projekta. Umeme unaweza kukatika, waya unaweza kukataa kompyuta yako. Nunua karatasi ya manila, chora ramani moja ya wanafunzi kwa kalamu nene, ibebe ikiwa imekunjwa. Kama una ujasiri, tumia dakika mbili kati ya zako kumi kuwapa washiriki kazi ileile: wachore njia kutoka ukumbini hadi stendi, wabishane na jirani kwa lugha yoyote wanayotaka. Watabishana kwa Kiswahili karibu wote. Ukiwatuliza na kuwaomba sasa wakuelekeze kwa Kiingereza, hutahitaji maelezo marefu.

Pesa sasa. Baba yako hana kosa. Bodi ya Mikopo inahesabu shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi ya mwanafunzi, kwa hiyo hiyo 130,000 ni siku 13 za maisha yako, na yeye anajua gunia la mahindi linauzwaje. Usimwambie kwamba cheti cha ushiriki kitakupa ajira, kwa kuwa hakitakupa. Mwambie hivi: ajira za walimu serikalini siku hizi zinapitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, hazigawiwi kwa kupangiwa kama ilivyokuwa kwa waliotutangulia. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya walimu wazoefu, akaeleza kazi yake na kujibu maswali, anaingia chumba cha usaili akiwa amekwisha kukutana na hofu hiyo. Mwambie pia kazi yako imechaguliwa. Nahisi hilo hukumweleza vizuri. Mpigie tena, uanzie hapo, na uongee naye jioni akiwa ametulia.

Mkopo wa kwenye simu usiuguse. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kausha damu wa mtaani hawana tofauti na hizo. Bumu lijalo litafika likiwa limekwisha kuliwa, na anayeumia atakuwa mdogo wako wa kidato cha tatu. Kama njia pekee ya kwenda ni hiyo, bora usiende.

Lakini si njia pekee. Waandikie waandaaji kesho, barua fupi: mimi ni mwalimu tarajali, kazi yangu imekubaliwa, naomba kusamehewa ada au kupunguziwa, niko tayari kusaidia mapokezi, kugawa mafaili, kutunza muda kwenye vyumba. Makongamano mengi yanahitaji mikono ya namna hiyo na hayana fedha ya kuiajiri. Uliza kama ada inajumuisha chai na chakula cha mchana, kwa kuwa mara nyingi inajumuisha na wewe umeshaihesabu mara mbili. Muone mkuu wa idara umuulize kama chuo kinaweza kutoa gari, maana hujachaguliwa peke yako. Malazi, Dodoma imejaa wanafunzi wa vyuo. Tafuta uliyesoma naye sekondari akuhifadhi usiku huo mmoja au miwili. Ukifanya hivi huenda ukabaki na nauli na chakula cha jioni, na hapo hata baba anaweza kuchangia bila kunung'unika. Ikishindikana kabisa, omba uwasilishe kwa njia ya mtandao. Si sawa na kuwepo, lakini kazi yako itasikika.

Ukifika, usikae kwenye kundi la wenzako wa Iringa siku zote mbili. Hilo nimeliona likiwapotezea vijana wengi safari nzima. Wanakuja kumi, wanakaa safu ya nyuma kumi, wanakula pamoja kumi, wanapiga picha na bango, wanasubiri vyeti. Pata ratiba mapema, chagua vyumba kwa kuangalia darasa lako la mwakani: madarasa makubwa, kusoma bila vitabu, kusahihisha insha 80 bila kuumwa. Maprofesa wasikilize, lakini wakati wa chai mtafute mwalimu mwenye miaka kumi au kumi na tano kwenye shule ya kata umuulize jambo moja mahususi. Mwulize, kwa mfano, anafanyaje insha zote hizo zisahihishwe kabla ya mada ijayo. Huyo ana majibu yasiyoandikwa popote. Chukua namba yake, na ndani ya wiki hiyo mtumie ujumbe unaotaja alichokuambia na jinsi unavyotaka kukijaribu. Namba ishirini bila ujumbe hazina kazi.

Kwenye meza za wachapishaji chukua orodha na nakala za sampuli, lakini usinunue kitu siku ya kwanza.

Usiku wa siku ya kwanza, kabla ya kulala, andika pembeni mwa daftari mambo matatu uliyosikia ambayo darasa lako la 87 lingeyaweza bila fedha. Mengine yote yaache. Ukirudi chuoni, waombe mhadhiri na wenzako nusu saa ya semina uwaeleze, kwa sababu wengi walibaki kwa kukosa nauli tu. Ukishaajiriwa utakuta shuleni kuna vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wa somo wanakaa pamoja kujadili kilichowashinda. Huko ndiko utakakoendelea na swali lako, ukiwa na darasa lako mwenyewe na muda wa kubadilisha jambo mojamoja: wiki hii makundi bila Kiswahili, wiki ijayo Kiswahili bila ramani, na kuandika kilichotokea.

Kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, pita ofisini kwa mhadhiri wako na andalio la siku ile mkononi. Mwombe akusaidie kupunguza ikisiri yako neno moja: kama imeandikwa kwamba Kiswahili "kilisababisha" wanafunzi wazungumze, libadilisheni sasa, kabla kitabu cha ratiba hakijachapwa.